Mkeka, Sakafu na Tatami: Msamiati wa Sakafu za Nyumba za Kijapani na Tatizo la Visawe vya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mfasiri anayekutana na neno tatami katika matini ya Kijapani huwa na jibu lililo tayari: mkeka. Jibu hilo lina mantiki yake. Tatami huwekwa chini, hukaliwa, hulaliwa, na uso wake hufumwa kwa nyasi. Hata hivyo, mara tu sentensi inayofuata inapoeleza kwamba mhusika anaishi katika "chumba cha mikeka sita", msomaji wa Kiswahili hupotea njia. Huona mikeka sita iliyotandikwa, au iliyokunjwa na kuegemezwa ukutani, pengine hata duka la mikeka. Haoni kwamba ameelezwa ukubwa wa chumba. Wala haoni kwamba hiyo inayoitwa mikeka ndiyo sakafu yenyewe, kwamba kila mmoja una unene wa sentimita tano au sita na uzito wa kilo 30 hivi, na kwamba haukunjiki.

Makala haya yanachunguza msamiati unaotaja sakafu katika nyumba za Kijapani, za jadi na za kisasa, kwa nia ya kuonyesha ni wapi visawe vya Kiswahili vinafaa na ni wapi vinapotosha. Hoja inayotetewa ni kwamba kisawe "mkeka" ni sahihi kwa tatami ya karne ya 8 na si sahihi kwa tatami ya leo, na kwamba sababu ya hali hiyo haiwezi kueleweka bila kufuata historia ya vitu vyenyewe. Suala hili haliwahusu watunga kamusi peke yao. Kiswahili kimefundishwa kwa miongo kadhaa mjini Osaka, katika chuo kikuu cha lugha za kigeni ambacho mwaka 2007 kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Osaka. Kwa hiyo wapo wanaoweza kufasiri baina ya lugha hizi mbili moja kwa moja. Kisawe "mkeka", kwa upande wake, kina kila dalili ya kupitia mlango wa tatu, yaani Kiingereza, lugha ambayo hutumia neno moja kwa tatami, kwa mkeka, na kwa kipande cha kufutia miguu mlangoni.

Katika makala haya irabu ndefu za maneno ya Kijapani zimeandikwa kwa kurudia irabu, kama ilivyo desturi ya Kiswahili. Majina ya watu na mahali yameachwa katika tahajia yake ya kawaida.

2.0 Udongo, ubao na kitendo cha kupanda

Neno la jumla la sakafu katika Kijapani cha leo ni yuka. Lakini katika nyumba ya jadi yuka haikuwa kila mahali pa kukanyaga. Ilikuwa ile sehemu iliyoinuliwa juu ya ardhi, nayo ilipingana na doma, neno ambalo kwa sehemu zake lina maana ya "mahali pa udongo". Herufi inayoandika yuka husomwa pia toko, yaani mahali pa kulala. Dhana ya kuinuliwa imo katika maneno yote mawili.

Upinzani huo ni wa kale. Katika kijiji cha Toro, Shizuoka, kilichogunduliwa mwaka 1943 na ambacho ni cha kipindi cha Yayoi, nyumba za kuishi zilikuwa na sakafu ya udongo, ilhali ghala za nafaka zilisimama juu ya nguzo, na katika nguzo hizo kulikuwa na vibao vya kuwazuia panya. Kwa maneno mengine, huko Toro mpunga ulipewa sakafu ya mbao na watu wakabaki chini. Karne nyingi baadaye nyumba ya mkulima ilikuwa na vyote viwili: doma, ambapo palikuwa na meko na kazi za mikono zilifanywa, na sehemu ya juu ya mbao kwa kukaa na kulala.

Mpaka kati ya sehemu hizo mbili ndio ulioacha alama kubwa zaidi katika lugha. Mgeni anayekaribishwa katika nyumba ya Kijapani haambiwi aingie tu. Huambiwa apande, kwa kitenzi agaru. Kiswahili humkaribisha mgeni kwa upinzani wa nje na ndani ("karibu ndani", "pita"), ilhali Kijapani huongeza upinzani wa chini na juu. Mgeni anaweza kuwa amekwisha kuvuka mlango, amesimama juu ya sakafu ya chini ya sebule ya kuingilia, na bado hajapanda. Hapo ndipo viatu huvuliwa. Katika fleti za kisasa tofauti ya kimo imebaki sentimita chache tu, lakini kitenzi hakikubadilika, wala desturi.

Sakafu ya doma iliyo bora iliitwa tataki. Ilitengenezwa kwa udongo, chokaa, na yale maji machungu yanayobaki baada ya chumvi kuganda. Vitu hivyo vitatu vilichanganywa na kupigwa hadi vikashikamana. Jina lenyewe linatokana na kitenzi tataku, "kupiga", ingawa huandikwa kwa herufi tatu zisizo na uhusiano wowote na matamshi yake, zenye maana ya "tatu", "patano" na "udongo".

Hapa mwanaisimu wa Kiswahili yuko nyumbani. Nyumba za mawe za Lamu, Unguja na kwingineko pwani zilikuwa na sakafu iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa juu ya boriti za mikoko, nayo ilipigwa kwa vijiti kwa siku kadhaa, kikundi cha watu wakiimba. Ndiyo maana Kiswahili husema "kupiga sakafu". Neno sakafu lina asili ya Kiarabu, saqf, ambalo katika lugha hiyo ni paa au dari, si mahali pa kukanyaga. Kuhama kwa maana hiyo kunaelezeka kwa urahisi pindi mtu anapoitazama nyumba yenyewe: tabaka lile la chokaa ni dari kwa aliye chini na ni mahali pa kutembea kwa aliye juu. Kwa hiyo "sakafu" ya Kiswahili katika maana yake ya asili iko karibu mno na tataki, kwa malighafi na kwa kitendo, na mfasiri anayeandika "sakafu iliyopigwa" hana la kuongeza. Tofauti ni kwamba tataki ilibaki ardhini na haikupanda orofani.

Juu ya doma kulikuwa na mbao: itanoma, yaani chumba au mahali pa mbao, na engawa, ile baraza nyembamba inayozunguka vyumba. Za majumba makubwa zina sifa zake. Sakafu za ushoroba katika ngome ya Nijo mjini Kyoto hulia kama ndege zinapokanyagwa, kwa sababu misumari husuguana na vibanio vya chuma vilivyo chini ya mbao. Hadithi ya kwamba zilijengwa hivyo ili kuwafichua wavamizi inapendwa sana na watalii. Utaratibu wa misumari unaeleza mlio vizuri bila kuhitaji hadithi hiyo.

3.0 Tatami: kutoka kitu kikunjwacho hadi sakafu

Neno tatami ni nomino iliyonyambuliwa kutokana na kitenzi tatamu, "kukunja" au "kupanga kwa tabaka". Kwa asili yake, basi, tatami ni kitu kinachokunjwa, na baada ya matumizi hurundikwa. Kojiki, kitabu cha masimulizi ya kale kilichokamilishwa mwaka 712, kinataja tatami za nyasi, za ngozi na za hariri zilizotandazwa juu ya mawimbi, tabaka juu ya tabaka, ili binti mtukufu ashukie baharini kuyatuliza. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa na umbo la tatami ya leo. Hazina ya Shosoin mjini Nara imehifadhi mabaki ya tatami za kitanda cha Mfalme Shomu wa karne ya 8, na hizo nazo ni mikeka iliyowekwa tabaka kadhaa.

Katika majumba ya wakuu wa kipindi cha Heian (794–1185) sakafu ilikuwa ya mbao tupu. Tatami iliwekwa pale tu ambapo mtu angekaa au kulala, na ilipoondolewa, mbao zilibaki wazi. Kwa kuwa si kila mtu alistahili kuwekewa, tatami ikawa lugha ya vyeo. Unene wake ulikuwa na maana, na zaidi ya unene, pindo la kitambaa lililoshonwa ukingoni. Pindo hilo huitwa heri (neno lisilo na udugu wowote na heri ya Kiswahili, ingawa aliyekalia pindo lenye rangi nyingi za ungen, lililokuwa la mfalme, bila shaka alikuwa nayo).

Badiliko kubwa lilitokea katika kipindi cha Muromachi (1336–1573). Vyumba vya mtindo wa shoin vilianza kujazwa tatami kutoka ukuta hadi ukuta. Kielelezo kinachotajwa daima ni Dojinsai, chumba kidogo ndani ya jengo la Togudo katika hekalu la Ginkakuji mjini Kyoto, kilichojengwa mwaka 1486: tatami nne na nusu, wala hakuna ubao unaoonekana. Kutoka hapo tatami haikuwa tena kitu kilichowekwa juu ya sakafu, ilikuwa sakafu. Neno halikubadilika hata sauti moja, lakini sifa bainifu iliyolizaa, ile ya kukunjika, ilitoweka.

Kitu kilichopatikana baada ya badiliko hilo kina sehemu tatu. Kiini chake ni mabua ya mpunga yaliyopangwa kwa kupishana hadi kimo cha sentimita 40 hivi, kisha yakabanwa na kushonwa hadi yakabaki sentimita tano au zaidi kidogo. Uso wake, omote, ni mfumo wa igusa, nyasi nyembamba ya majimaji isiyo na majani, iliyoshindikwa katika nyuzi za mtande. Uso mmoja huchukua kati ya nyasi 4,000 na 7,000. Kabla ya kukaushwa, igusa huchovywa katika maji ya tope maalumu, kazi iitwayo dorozome, nayo ndiyo inayoipa tatami mpya rangi na harufu yake. Sehemu ya tatu ni heri. Uso ukichakaa hugeuzwa upande wa pili; ukichakaa tena huvuliwa na kuvalishwa mwingine, na kiini hubaki. Msamiati wa fundi una neno kwa kila hatua.

Kwa upande wa adabu, mtu hakanyagi heri. Kandambili za ndani huruhusiwa juu ya mbao lakini huvuliwa kabla ya kukanyaga tatami. Mpango wa tatami chumbani una maana pia: katika mpango wa heri njema, uitwao shuugijiki, pembe nne za tatami hazikutani mahali pamoja, mpango wa kukutanisha pembe uliwekwa kwa matanga, na hadi leo hutumika katika kumbi kubwa za mahekalu.

4.0 Joo: sakafu kama kipimo

Herufi ya tatami ina usomaji wa pili wenye asili ya Kichina, joo, na huu ndio unaotumika kuhesabu. Chumba cha joo sita ni chumba chenye ukubwa wa tatami sita. Hapa ndipo tafsiri ya "mikeka sita" inapofanya madhara yake makubwa, kwani joo si nomino ya kitu bali ni kipimo.

Kipimo hicho hakijawahi kuwa kimoja. Tatami ya Kyoto, kyooma, ni sentimita 191 kwa 95.5, ya eneo la Tokyo, edoma, ni 176 kwa 88. Chanzo cha tofauti si ukaidi wa mafundi. Upande wa Kyoto ilizoeleka kuanza na tatami na kuusimamisha ukuta kulizunguka eneo lake, hivyo tatami zote zikawa sawa. Upande wa Edo waliipima nafasi kati ya vitovu vya nguzo, na tatami ikachongewa nafasi iliyobaki. Usawa wa kwanza ulikuwa na faida ya kijamii. Mjini Osaka, katika zama za Edo (1603–1868), nyumba ziliweza kupangishwa zikiwa tupu. Mpangaji alikuja na tatami zake, na alipohama alizichukua, naye alijua zitaenea kokote aendako. Ni ajabu ndogo kwamba sakafu iliyoacha kukunjika iliendelea hivyo kuhamishika.

Majengo ya fleti ya baada ya vita yalileta danchima, yenye sentimita 170 kwa 85 hivi. Hesabu ni nyepesi: joo sita za kyooma ni karibu meta za mraba 10.9, na joo sita za danchima hazifiki 8.7. Mpangaji anayeelezwa "joo sita" anaweza basi kupoteza zaidi ya meta mbili za mraba bila kuambiwa uongo. Kanuni za matangazo ya nyumba zimejibu tatizo hilo kwa kutaka joo moja ihesabiwe kuwa si chini ya meta za mraba 1.62. Kanuni hiyo hutumika hata kwa chumba kisicho na tatami hata moja. Hivyo joo imekamilisha safari ambayo "futi" na "shibiri" nazo zilikwishaifanya: kitu kimeondoka, kipimo kimebaki.

5.0 Furooringu na chumba kilichopata jina jipya

Mwaka 1951 ulitolewa mchoro wa nyumba za umma ulioweka meza ya kulia jikoni, na kuanzia mwaka 1955 Shirika la Nyumba la Japani lilieneza mpango wa namna hiyo katika majengo yake ya fleti. Nyuma ya michoro hiyo kulikuwa na hoja ya Nishiyama Uzo, mtaalamu wa usanifu aliyechunguza makazi ya watu wa kawaida, kwamba mahali pa kula patenganishwe na mahali pa kulala. Chumba cha tatami kilikuwa kimezoea kufanya yote mawili: meza fupi hukunjwa, godoro hutolewa kabatini. Meza ya miguu mirefu na viti huidhuru tatami. Mbao zikaingia.

Mbao zilikuwapo tangu zamani, kama ilivyoelezwa, na zilikuwa na jina. Hata hivyo mbao hizi mpya hazikuitwa itanoma. Zilipewa jina la mkopo kutoka Kiingereza, furooringu. Tofauti ya vitu ni ya kweli. Furooringu ni mbao za kiwandani zenye ulimi na mfuo, za mti mmoja au, mara nyingi zaidi, za plaiwudi iliyobandikwa uso mwembamba wa mti bora. Viwango vya kitaifa hutenganisha aina hizo mbili. Lakini tofauti ya matumizi ni kubwa kuliko ya vitu. Sakafu ya hekalu, hata ikifumuliwa na kutengenezwa upya kwa mashine, haitaitwa furooringu. Neno la mkopo limebeba maisha ya fleti, kiti na sofa.

Athari ya pili inastahili kuangaliwa na wanasemantiki. Alimradi vyumba vyote vilikuwa vya tatami, hakukuwa na haja ya kukiita chumba "cha Kijapani". Chumba cha viti kilipoingia kikaitwa yooshitsu, "chumba cha Kimagharibi", na kile cha zamani kikahitaji jina la kukipambanua, washitsu. Chumba kisichokuwa na alama kimepewa alama. Hali hiyo haina ugeni kwa Waswahili: aliyewahi kusikia "simu ya mezani" anajua kwamba simu hiyo ilikuwa simu tu hadi ile ya mkononi ilipokuja.

Furooringu imeleta masuala yake. Gundi za plaiwudi zilitoa fomaldehaidi iliyowadhuru wakazi, na marekebisho ya sheria ya ujenzi yaliyoanza kutumika mwaka 2003 yakaweka mipaka. Katika majengo ya fleti mlio wa nyayo humshukia jirani wa chini, tatizo ambalo tatami ililizima bila kujulikana, na kanuni za majengo mengi hudai furooringu yenye daraja maalumu la kuzuia sauti.

Tatami nayo imebadilika ndani kwa ndani. Kiini cha mabua mara nyingi kimeachia nafasi ubao wa nyuzi za miti au plastiki ya povu, chepesi na kisicho na wadudu. Uso unaweza kuwa wa karatasi iliyosokotwa. Igusa inayolimwa nchini Japani karibu yote hutoka mkoa wa Kumamoto, hasa Yatsushiro, ambako wakulima wamepungua sana. Nyuso nyingi huagizwa kutoka China. Vipande vya mraba visivyo na pindo huuzwa kwa jina la "tatami ya Ryukyu", jina ambalo hapo awali lilitaja mmea mgumu wa aina nyingine, unaolimwa sasa katika mkoa wa Oita, na ambalo leo hutaja umbo tu. Mnamo Desemba 2020 UNESCO iliuorodhesha ustadi wa Japani wa kuhifadhi majengo ya mbao kuwa urithi usioshikika, na kazi ya kutengeneza tatami imo. Ustadi umeingia katika orodha katika wakati ambapo fleti nyingi mpya hazina hata washitsu moja.

6.0 Kisawe kipi?

Kijapani chenyewe hutoa ushahidi wa kwanza dhidi ya "mkeka". Mkeka wa igusa unaokunjwa, unaotandikwa chini ya mti na kurudishwa nyumbani kwapani, upo, na hauitwi tatami. Huitwa goza. Mwingine mkavu wa mabua, wa kuanikia nafaka, huitwa mushiro. Goza ni mkeka. Mushiro ni jamvi. Mfasiri aliyetumia "mkeka" kwa tatami hana neno lililobaki goza inapotokea, na katika masimulizi goza hutokea mara kwa mara, hasa kwa maskini na kwa walioko safarini.

Inapendekezwa basi kwamba tatami ipokewe kama neno la mkopo katika ngeli ya I-/ZI- (tatami hii, tatami hizi), jambo ambalo fonolojia ya Kiswahili hailipingi hata kidogo, kwani neno lina silabi wazi tupu. Katika matini za kabla ya Muromachi, "mkeka" ubaki. Kwa joo, mfasiri aandike "chumba cha tatami sita" pale ambapo tatami zipo, na atoe meta za mraba pale ambapo hazipo. Kitenzi nacho kinahitaji uangalifu: Kijapani hutumia shiku kwa godoro, goza na tatami sawia, lakini "kutandika tatami" kungeirudisha katika hali ya mkeka. "Kupanga" kunafaa zaidi.

Katika misemo hali ni ngumu zaidi. Kujifunza kuogelea juu ya tatami, yaani kujua jambo kwa nadharia tupu, hufasirika bila shida, maana ukavu ndio unaohitajika, na mkeka ni mkavu. "Kufa juu ya tatami" ni kinyume. Kwa Mjapani ni kifo cha amani, nyumbani, katikati ya jamaa, si vitani wala barabarani. "Kufa juu ya mkeka" kungemletea msomaji wa Kiswahili taswira ya ufukara. Afadhali "kufa kitandani", ingawa mhusika hakuwa na kitanda. Upo hata hivyo msemo mmoja ambamo kisawe cha zamani kinashinda: ule unaosema kwamba mtu akiwa macho hahitaji zaidi ya nusu joo, na akilala joo moja. Hapo mkeka unatosha kabisa, kwa kuwa kinachopimwa si chumba bali mwili wa mtu, na pwani pia mkeka mmoja hulaliwa na mtu mmoja.